Wasanii Tuwape Jukwaa, Tusiwape Maneno



Siku hizi tawi likitaka kuandaa mkutano mkubwa, swali la kwanza katika kamati si "Tutawaambia nini wananchi?" bali ni "Ataimba nani?" Ada za wanachama, zilizokusanywa shilingi kwa shilingi, zinakwenda kulipa mwimbaji, gari la muziki na vipaza sauti. Hotuba inaandikwa usiku wa mwisho, na mara nyingi inaonekana hivyo. Mimi kazi yangu ni kuandaa mikutano, kwa hiyo nisieleweke vibaya. Uwanja usio na ngoma ni mgumu kuujaza, na mtu aliyetembea tangu alfajiri kuja kutusikiliza anastahili kufurahishwa. Lakini yafaa tuulizane: huyo msanii tunamwita aje afanye kazi gani? Kama tunamwita ili watu wasitawanyike kabla mgeni hajafika, tuseme hivyo, yaishe. Tusidanganyane kwamba hapo tumejenga umoja wa taifa.

Nimehudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo. Watu walijaa mpaka juu ya miembe. Mwimbaji alipomaliza na kupanda gari lake, robo tatu ya uwanja ilimfuata, na mzungumzaji akabaki na wazee, watoto na wauza karanga. Walioondoka walikuwa wameshapata walichokijia, na mimi siwalaumu.

Umoja si watu elfu kurukaruka kwa wimbo mmoja. Umoja ni mtu wa Kigoma na mtu wa Mtwara kubishana juu ya jambo linalowauma wote wawili, na kesho yake wakasalimiana. Kazi hiyo msanii anaiweza kuliko mhutubiaji, maana yeye ana ruhusa ya zamani ya kusema kwa mafumbo jambo ambalo mtu mwingine akilisema waziwazi watu hushikana mashati. Ila hawezi kuifanya kama maneno yake yametungwa ofisini kwetu na yeye kazi yake ni kuyatia sauti tu. Hili silisemi kwa kubahatisha. Limo katika historia yetu wenyewe, kwa ye yote anayetaka kuisoma.

Tuanze na mwaka 1955. TANU ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja na nusu tangu ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, na mikutano yake Dar es Salaam ilikuwa ya wanaume. Alikuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wako wapi. Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed. Bibi Titi hakuwa na cheo cho chote cha serikali wala hakuwa na shahada. Alikuwa mwimbaji, mwenye sauti iliyojulikana mjini kwa ngoma yao iliyoitwa Bomba. Naye hakuanza kwa kupita nyumba kwa nyumba akihubiri katiba ya chama. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, lelemama na vinginevyo, na kila kiongozi akaja na watu wake. Kwa muda wa miezi michache wanawake wanaokadiriwa kufika 5,000 walikuwa wameshaingia TANU.

Wengi husimulia habari hii kama sifa ya ujasiri wa Bibi Titi, na kweli alikuwa jasiri. Lakini tazameni vile vikundi vyenyewe vilikuwa kitu gani. Ndani yake mlikuwa na Mzaramo, Mmanyema, Myao, na wengine ambao mji uliwakutanisha. Walichanga, walizikana, walishona sare, walichagua viongozi wao. Kikundi kimoja kikitunga wimbo wa kuwachokoza wenzao, wale wa pili hawakukimbilia polisi. Walikaa usiku wakatunga jibu, na siku ya ngoma likaimbwa mbele ya kadamnasi, watu wakacheka, wakaamua nani amemshinda mwenziwe. Hayo ni mazungumzo ya kitaifa kabla ya kuwapo taifa. Chama hakikuuleta umoja ule katika ngoma. Kiliukuta umeshakaa, kikaomba kuingia.

Visiwani vivyo hivyo. Taarabu ilipokuwa ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, na aliyekuwa nje ya jumba alisikia sauti tu. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu, ndiye aliyeifanya iseme Kiswahili hata ikafika kwa watu wa Ng'ambo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Na zile nyimbo zake hazikuwa za mapenzi peke yake. Zilisimulia kesi za mahakamani, nani ameonewa na nani ameponyoka, na watu waliondoka pale wakiijadili hukumu. Mtu maskini aliyekuwa haruhusiwi kumwuliza hakimu swali alilisikia swali lake likiulizwa kwa wimbo.

Halafu washairi. Hapa nitakaa kidogo, maana naona vijana wenzangu wanadhani ushairi ni somo la kufaulia mtihani. Gazeti la Mambo Leo lilianzishwa mwaka 1923 na serikali ya Kiingereza kwa makusudi yake yenyewe. Lakini lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji, na washairi wakaifanya kuwa baraza lao. Mmoja anauliza fumbo kutoka Tanga, mwingine anajibu kutoka Tabora, wa tatu anaingilia kati kuwasuluhisha, wote kwa mizani minane kwa minane. Wengi hawakuwa wamewahi kuonana kwa macho. Shaaban Robert alikuwa mtu wa Tanga. Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji, alikuwa sheikh wa Ahmadiya. Mwaka 1954 alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na baadaye akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Ihumwa, Dodoma, na Mkristo. Huyu Mnyampala mwaka 1963 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu, yaani aliichukua habari ya dini yake akaitia katika bahari ya utenzi, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa chombo cha masheikh wa pwani. Sijui hotuba gani juu ya kuvumiliana kwa dini ingeweza kumpita.

Na Saadani Kandoro, mmoja wa wale watu 17 walioiunda TANU, alitunga shairi maarufu la siafu waliomzunguka nyoka. Mtawala akilisoma aliona habari za wadudu. Mwananchi akilisoma alijiona mwenyewe, mdogo, mwenye wenzake wengi. Hakuna kamati iliyomwambia Kandoro aandike siafu. Angeambiwa na kamati, naamini angeandikiwa simba.

Basi uhuru ukaja. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akauliza katika hotuba yake ni wangapi kati yetu wanaoweza kucheza gombesugu, kiduo au lelemama, wakati tunajua rumba na dansi za Wazungu. Swali lilikuwa la haki kabisa. Lakini tangu hapo msanii akaanza kuwa na mwajiri, na mwajiri huyo ni serikali. Mema yaliyotokana na jambo hilo ni mengi, nami sitayakana. Nitakayoyasema ni yale ambayo hayasemwi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 washairi waliombwa walieneze Azimio kwa watu. Mnyampala akaitikia kwa kubuni ngonjera, mashairi ya watu wawili au zaidi wanaobishana mbele ya wasikilizaji. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikaanza kutoka mwaka 1970. Zilienea katika shule zote nchini. Hata mimi, niliyezaliwa miaka mingi baada yake, nilifundishwa kuzitunga katika chuo cha ualimu, na bado naziona kuwa ni chombo bora cha darasani.

Lakini kuna kasoro moja, na kila aliyewahi kusimama jukwaani na ngonjera anaijua. Mjinga wa ngonjera huwa hana hoja. Anatoka amevaa matambara, anasema hataki kulima, hataki kusoma, hataki kuchanja watoto. Mwerevu anatoka katika nguo safi, anamweleza. Ukifika ubeti wa tano mjinga anatubu, wanashikana mikono, watu wanapiga makofi. Je, katika wale waliopiga makofi, ni nani aliyebadilika? Yule aliyekuwa na mashaka ya kweli alikaa kimya mwanzo hadi mwisho, maana aliona mashaka yake yamevikwa matambara na kuchekwa. Mkulima aliyehamishwa kutoka shamba la baba yake wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, alikuwa na swali zito: je, mikorosho yangu niliyoiacha nyuma nitaifuata kwa miguu kila siku? Nani alimtungia ubeti huyo? Kama angetungiwa, na akajibiwa kwa heshima, huenda baadhi ya makosa ya miaka ile yangeonekana mapema, tena na viongozi wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba nyakati za kujenga nchi si nyakati za kuuliza maswali. Hao nawapeleka kwa Ebrahim Hussein. Mwaka 1969, wakati ule ule ngonjera zinaenea, ulitoka mchezo wake wa Kinjeketile, habari za vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Makabila yaliyokuwa hayapatani yanaunganishwa na maji, na umoja ule ni kweli, una nguvu. Hata hivyo mwandishi hakuishia katika kushangilia. Alimfanya Kinjeketile mwenyewe aanze kuogopa, akiona neno lake limekuwa kubwa kuliko yeye na litawapeleka watu mbele ya bunduki. Mchezo ule haukuvunja umoja wa nchi hii. Umesomwa shuleni miaka na miaka, na wanafunzi hubishana sana juu yake: je, ni bora umoja uliojengwa juu ya jambo lisilo kweli, au kutokuwa na umoja kabisa? Watoto wa sekondari wanaliweza swali hilo. Kwa nini kamati zetu za mikoa zisiliweze?

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Wapo wasanii wa vyama waliogusa taifa zima. Mwalimu alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, nyimbo za maombolezo za marehemu John Komba na kundi la TOT zilisikika kila redio, na hata watu waliokuwa wakikipinga chama chake walilia nazo. Kwa nini? Kwa sababu siku zile aliimba msiba wa kweli ambao kila mtu alikuwa nao tayari moyoni. Hakuwa akimwambia mtu ye yote ampigie nani kura. Wiki chache zile alikuwa mwimbaji wa nchi, na tofauti ilisikika.

Sasa tuvuke mipaka kidogo, maana majirani zetu wamelipa gharama kubwa kujifunza jambo hili, na sisi twaweza kujifunza kwao bure.

Rwanda, Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki aliyependwa. Nyimbo zake zilipigwa na redio ya RTLM katika siku za mauaji ya halaiki ya Watutsi ya mwaka 1994. Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha ilimhukumu tarehe 2 Desemba 2008 kifungo cha miaka 15. Haikumtia hatiani kwa nyimbo zenyewe, bali kwa maneno ya kuchochea mauaji aliyoyatangaza kwa kipaza sauti akiwa garini mwishoni mwa Juni 1994. Nataka kila mwandaaji wa mikutano aifikirie picha hiyo: mwimbaji, gari, kipaza sauti, barabara. Ndivyo vyombo vile vile tunavyovikodi sisi. Tofauti yote imo katika jambo moja, kama kuna mtu anayeruhusiwa kujibu. Pale hapakuwa na wa kujibu.

Kenya nayo, baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, ndugu walichinjana. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133. Katika ripoti yake ililaumu pia baadhi ya redio za lugha za makabila kwa uchochezi. Lakini huko huko Kenya, Kibera, msanii ajulikanaye kwa jina la Solo Saba alichukua rangi na brashi akaandika maneno ya kutaka amani katika kuta, vibanda na barabara, huku matairi yakiendelea kuwaka. Na mpiga picha Boniface Mwangi, aliyeyapiga mauaji yale kwa ajili ya gazeti, alifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2009, kwa mpango ulioitwa Picha Mtaani, picha zile zilitembezwa mijini na kuanikwa hadharani mitaani, pasipo kiingilio. Hazikuwa picha za kupendeza. Mpita njia alisimama, akaona mtaa kama wake unawaka, akageuka akamwona jirani wa kabila jingine amesimama pembeni anatazama picha ile ile. Hapo mazungumzo huanza yenyewe. Msanii hakuwaambia wapendane. Aliwaonyesha walichotendeana, akawaachia wao waseme.

Narudi nyumbani. Wenzangu wengi katika uongozi watasema: "Msanii akiachwa huru atatutukana." Yawezekana. Machi 2017 mwimbaji Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake uitwao Wapo, na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Haukupita muda Rais John Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Watu walifurahi, nami sikatai kwamba uamuzi ulikuwa mwema. Lakini wimbo haupaswi kusubiri huruma ya mtu mmoja, hata akiwa Rais. Nchi ilitikisika? Haikutikisika. Waliokuwa na hasira waliusikia wakapumua, na waliokuwa wakisemwa walipata nafasi ya kujitazama. Na kama walikuwa na jibu, studio hazikufungwa. Wangetunga.

Tusichanganye matusi na uchochezi. Anayetaja kabila au dini ya watu na kusema wapigwe, huyo si msanii tena katika neno lile, na sheria ipo kwa ajili yake. Lakini anayesema barabara yetu mbovu, au diwani wetu haonekani tangu achaguliwe, huyo anatufanyia kazi ambayo mwandaaji analipwa kuifanya na mara nyingine haifanyi. Kumfukuza jukwaani ni kutupa kioo kwa sababu uso una doa.

Sasa nasema jambo la kutenda, maana gazeti hili halisomwi na watu wa maneno matupu. Katika wilaya nyingi zetu liko jambo linaloua watu, nalo ni ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wana Morogoro hawajasahau Rudewa, wilaya ya Kilosa, Desemba 2000, ambapo wakulima zaidi ya 30 waliuawa. Tumekwenda vijijini mara ngapi na hotuba ya amani, tukawaambia watu hawa wapatane, tukapigiwa makofi, na mvua zilipochelewa wakarudia mikuki na mapanga? Hotuba zetu zina ugonjwa ule ule wa ngonjera. Ndani yake mkulima ni mwerevu na mfugaji ni mjinga, au kinyume chake, kutegemea kura za pale zimelala wapi.

Tujaribu njia nyingine. Tawi liite watunzi wawili wa pale pale, mmoja wa upande wa majembe na mmoja wa upande wa ng'ombe, wasilipwe na chama zaidi ya nauli na chakula. Kila mmoja akae na watu wake, apate hoja zao za kweli, hata zile zitakazotuuma sisi viongozi: mpaka uliochorwa na nani, fedha za faini za mifugo zinaishia mfukoni mwa nani, josho liliahidiwa mwaka gani. Wakutane hadharani wajibizane kwa beti, na asiwepo kiongozi wa kukata maneno. Pasiwe na anayetubu mwishoni kwa amri. Wazee wa pande zote mbili wakae mbele, wahesabu hoja ambazo hazikupata jibu, na hizo ndizo ziwe ajenda ya kikao cha baraza la kijiji wiki inayofuata. Mgeni wa heshima, kama atakuwapo, asikilize kwanza na kuzungumza mwisho, tena kwa ufupi.

Tawi ninalolitumikia limekubali kujaribu jambo hili baada ya mavuno. Mtunzi wa wakulima amepatikana, ni mwalimu mstaafu. Kwa upande wa wafugaji amejitolea kijana mmoja anayetunga kwa lugha ya kwao, na bado tunatafuta mtu wa kumsaidia kuziweka beti zake katika Kiswahili bila kuzipunguza ukali. Mwanachama ye yote mwenye ujuzi huo na aandike kwa katibu wa wilaya. Na matawi mengine yatakayojaribu yalete beti zao zichapwe katika ukurasa wa mashairi wa gazeti hili, pamoja na majibu, yawe ya kutusifu au ya kutushutumu.